Namna ya Kukwangua Injini ili Mteja Arudi

Mteja amekuletea injini inayovuja oili. Anataka isivuje tena, na tapeti kava ipigwe rangi nyekundu ing'ae kila akifungua boneti mbele za watu. Kazi hii ukiifanya sawasawa, hutamwona mpaka sevisi ijayo. Kwa fundi mwenye watoto shuleni, hiyo ni hasara. Fuata maelekezo haya.

Anza na silikoni kavu iliyong'ang'ania ukingo wa sampu. Wenye subira huipaka dawa ya kulainisha, wakaiacha ivimbe, kisha wakaibandua taratibu kwa kipande cha plastiki ngumu. Wewe chukua bisibisi bapa, ile ya kufungulia makopo ya rangi, uchimbe. Aluminiamu ni laini, inapokea mwandiko vizuri kuliko daftari. Mstari mmoja uliokatiza kutoka ndani kwenda nje unatosha. Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama, hongera, oili nayo imepata njia.

Mabaki yakikataa, funga kidude cha msasa kwenye drili. Ndani ya dakika chache pale pote panameta, na mteja akichungulia atakuita injinia. Uhondo wenyewe haonyeshwi: chembe za aluminiamu oksaidi, jiwe lile lile linalotengenezewa msasa, zinarukia kwenye njia za oili. Injini ikiwaka, oili inazibeba mpaka kwenye beringi za krenki, ambako kati ya chuma na chuma kuna utando mwembamba tu wa oili. Zikifika huko zinaendelea kusugua, usiku na mchana, bila kudai posho. Kwa hiyo usizibe tundu lolote kabla ya kusaga, wala usioshe baada ya hapo. Vitambaa ni vya kufutia mikono.

Sasa rangi ya zamani. Magadi makali, kostiki soda, huitoa vizuri kwenye chuma cha kutupwa, basi huko usiyapeleke. Tumbukiza tapeti kava ya aluminiamu. Maji yatachemka bila jiko, haidrojeni itapanda, na kava itatoka nyeusi, yenye vishimo, nyepesi kuliko ilivyoingia. Glavu na miwani waachie wenye bima. Kuna wanaopenda kuisuuza kwa petroli huku dogo wa pembeni anachomelea ekzosi. Hao wamenizidi, siwezi kuwafundisha kitu.

Kabla ya kupaka rangi mpya, usifute grisi kwa tina. Rangi iliyokaa juu ya mafuta ni nzuri kabisa mpaka injini ipate moto, na wakati huo gari lipo Chalinze.

Mwisho, minya silikoni tyubu nzima. Inayofurika kwa nje mteja ataiona na kuridhika kwamba hukumbania. Inayofurika kwa ndani itakatika vipande, ishuke sampuni, ikazibe chujio la pampu ya oili.

Taa nyekundu ikimrudisha, pokea ufunguo kwa mikono miwili. Vuta dipstiki, nusa, tikisa kichwa, umwonyeshe na dogo naye anuse. Kisha sema kwa upole: "Bosi wangu, hii oili umenunua wapi? Umepigwa."