Jinsi ya Kusomea Uzamili wa Biashara ya Michezo Ukitokea Kaengesa, Rukwa

Kazi ya kwanza si kutafuta chuo, ni kuwaeleza ndugu. Subiri jioni, mahindi yameshapukuchuliwa na watu wametulia, kisha useme wazi kwamba unataka kurudi shule kusomea shahada ya uzamili ya biashara na usimamizi wa michezo. Baba mkubwa atauliza kama utarudi ukiwa kocha. Mwambie hapana. Shangazi atauliza kama utarudi ukiwa refa. Mwambie hapana. Mdogo wako, beki tegemeo la kijiji, atauliza kwa huruma kama angalau utakuwa unaingia uwanjani bure. Huyo mjibu kwamba ndiyo, utaingia bure, na utakuwa wa mwisho kutoka, kwa sababu wewe ndiye utakayehesabu viingilio.

Usiwacheke, maana wana haki ya kuuliza. Michezo waliyoizoea ina wachezaji, makocha, waamuzi na mashabiki. Mtu mwingine yeyote akionekana kando ya uwanja ameshika karatasi, wanakijiji hukata shauri kwamba ni mgombea udiwani. Waeleze basi kwamba hata Marekani swali la nani aendeshe timu liliulizwa zamani. Mwaka 1957 Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers, alimwandikia mhadhiri James Mason kuhusu haja ya chuo kitakachofundisha watu kuendesha timu na viwanja. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Ohio kikafungua kozi ya uzamili ya utawala wa michezo, ya kwanza ya aina yake. Kwa hiyo hukuzusha jambo. Umechelewa kidogo tu.

Baba mkubwa akikuuliza hela ziko wapi, usimtajie mishahara ya wachezaji wa Ulaya, anaijua kukuzidi. Mtajie ya nyumbani. Mei 2021 Shirikisho la Soka Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya ligi kuu wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Agosti 2022 klabu ya Simba ikasaini na kampuni ya kubashiri ya M-Bet udhamini wa bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2017, mfanyabiashara Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kununua asilimia 49 ya hisa za Simba kwa bilioni 20. Halafu muulize yeye: klabu iliyoanzishwa 1936, yenye jina, jengo na mashabiki wasiohesabika, nani anajua kuipigia hesabu ya thamani? Bei hiyo ilibishaniwa vijiweni kwa miaka. Waliosema ni ndogo na waliosema inatosha wote walipaza sauti, lakini waliokuja na karatasi ya hesabu unaweza kuwaweka kwenye benchi moja la shule ya msingi wakabaki na nafasi.

Ongeza na hili. Simba ilipotaka mtendaji mkuu mwaka 2019 ilimchukua Senzo Mazingisa kutoka Afrika Kusini. Mwaka uliofuata akahamia kwa watani wao, Yanga. Baadaye Yanga ikamchukua Andre Mtine, Mzambia. Sina ugomvi na wageni hao: walikuja na ujuzi na klabu ziliuhitaji. Na Septemba 2020 Simba ilimpa kiti hicho Barbara Gonzalez, Mtanzania aliyetokea kwenye taasisi ya hisani ya Dewji huyohuyo, na wale waliodhani kuongoza klabu lazima kwanza uwe umewahi kupiga penalti wakalazimika kufikiri upya. Mtine ametoka Zambia, na sisi wa Ufipa, huku Rukwa, tunaijua Zambia, tunauziana nayo mahindi na maharage kila mwaka. Kama mtaalamu anaweza kuvuka mpaka kuja, kijana wa Kaengesa naye anaweza kupanda basi kwenda.

Lakini usipande basi bado. Hapa ndipo waombaji wengi wanapokosea, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Wanakimbilia fomu ya chuo huku hawajawahi kuendesha hata ligi ya mbuzi.

Ligi ya mbuzi ndiyo chuo cha awali, na Kaengesa hakina ada. Chukua timu nane, kila moja itoe kiingilio cha shilingi 40,000. Una 320,000. Mbuzi mzuri wa zawadi tuseme 120,000. Mipira miwili isiyopasuka wiki ya kwanza, 80,000. Timu nane za mtoano ni mechi saba, waamuzi ukiwalipa 15,000 kwa mechi ni 105,000. Zimebaki 15,000, na hujanunua chokaa, hujakodi kipaza sauti, na mwenyekiti wa kijiji ameshaulizia soda za wageni. Ukifika hapa kichwa kikikuuma, umeanza masomo. Kinachokuuma kinaitwa nakisi ya bajeti, na profesa atakufundisha kwa muhula mzima jambo ambalo mbuzi amekufundisha kwa wiki mbili.

Sasa fikiri kama mtu wa biashara. Mashindano yetu huchezwa kiangazi, baada ya mavuno, wakulima wakiwa wameuza mahindi na mifuko ikiwa na kitu. Wiki chache mbele wanatakiwa kununua mbegu na mbolea kwa ajili ya mvua za Novemba. Watu mia kadhaa, karibu wote wakulima, wamesimama kuzunguka uwanja mmoja kwa saa mbili. Mwenye duka la pembejeo angetoa nini kuongea nao wakati wa mapumziko? Bila shaka angetoa hela ya chokaa, kipaza sauti na soda za mwenyekiti, na bado angeona amepunguziwa. Wakala wa fedha kwa simu naye atataka bango lake nyuma ya goli. Mama lishe atakulipa ushuru mdogo wa eneo akijua watu hawaondoki kabla ya fainali. Usiende kwao kuomba msaada kwa jina la vijana wetu. Nenda na hesabu ya watu waliokuja mechi iliyopita, uliyoihesabu mwenyewe, ukauze. Kuomba na kuuza vinatofautiana kwa hicho kikaratasi tu, na mpira wa mikoani umeishi miaka mingi upande wa kuomba.

Weka daftari. Naomba unisikie vizuri hapa: daftari lenye mapato upande huu, matumizi upande ule, na risiti zimebanwa nyuma. Siku ya fainali, kabla mbuzi hajachinjwa, lisome mbele ya watu. Utaona sura za waandaaji wa miaka iliyopita zinavyobadilika rangi. Usiwatazame sana, endelea kusoma.

Daftari hilo ukiwa nalo, ndipo utafute chuo. Kama huna shahada ya kwanza, usiruke hatua. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kinafundisha ukocha na uongozi wa michezo, na kimewalea maafisa michezo wengi wanaosimamia mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA unayoyaona. Kama unayo, vyuo vyetu kwa kawaida hudai wastani wa 2.7 ili uingie uzamili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na ng'ambo ya mpaka Chuo Kikuu cha Kenyatta kina walimu wa usimamizi wa michezo na burudani. Andika barua, uliza mwaka huu wanafungua nini, uliza ada, uliza msimamizi wako atakuwa nani na amewahi kuandika nini. Kuhusu mkopo, fahamu mapema kwamba Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa inawahudumia wa shahada ya kwanza. Wa uzamili wengi hujilipia, na gunia la mahindi lina bei yake: piga hesabu ya magunia kabla ya kusaini chochote.

Wenye ndoto kubwa wapo, na ndoto hiyo ina jina: FIFA Master, inayoendeshwa na kituo cha kimataifa cha masomo ya michezo, CIES, cha Neuchâtel, Uswisi, tangu mwaka 2000. Mwanafunzi anasoma historia ya michezo Leicester, uongozi Milano na sheria Neuchâtel, ndani ya mwaka mmoja, darasa la watu kama 30 kutoka dunia nzima. Omba. Ila kwenye barua yako usiandike kwamba unaupenda mpira tangu utoto. Waombaji wote wanaupenda mpira tangu utoto. Andika kuhusu mbuzi, mechi saba, nakisi na mwenye duka la pembejeo, kisha uambatanishe nakala ya daftari. Sijui mwombaji mwingine atakayekuwa na kitu hicho. Na shahada ya nje ukirudi nayo, ipeleke Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itambuliwe kabla hujaanza kuiandika kwenye wasifu wako.

Kisha kuna tasnifu. Hapa nitakuwa mkali. Usitoke Rukwa ukaandike kurasa mia kuhusu mkakati wa masoko wa Manchester United. Manchester United ina wachumi wake, wanalipwa, na hawakusubiri wewe. Una maswali ya kwenu ambayo hakuna mwingine atakayekuja kuyajibu.

Chukua msimu wa 2020/21. Timu ya Tanzania Prisons ya Mbeya iliufanya Uwanja wa Nelson Mandela wa Sumbawanga kuwa wa nyumbani. Oktoba 2020 Simba, bingwa mtetezi, alikuja pale akafungwa 1–0. Muulize mtu yeyote mjini kuhusu siku ile, atakusimulia bao mpaka chai ipoe. Muulize nyumba za wageni ziliuza vitanda vingapi, bodaboda waliingiza kiasi gani, magari mangapi yalipanda kutoka Tunduma, halmashauri ilikusanya nini: atakutazama kama umemuuliza idadi ya samaki wa Ziwa Rukwa. Baadaye Prisons ikarudi Mbeya. Mtu mwenye takwimu hizo angeweza kuzibeba kwenda kwa klabu nyingine na kwa mkuu wa mkoa, akasema: timu ya ligi kuu ikikaa hapa msimu mmoja, mji unapata hiki na hiki, tukae tuzungumze. Hiyo ndiyo tasnifu yako. Wenye nyumba za wageni bado wapo, vitabu vyao vya wageni vipo, na wakiombwa kwa heshima watavifungua.

Au chukua hewa. Iten, kule Kenya, imepata jina duniani kwa wakimbiaji wanaofanya mazoezi mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Milima yetu ya Mbizi, juu ya Sumbawanga, inapita mita 2,000, kuna baridi, kuna njia za vumbi zisizo na magari. Je, kambi ya mazoezi inaweza kujilipa pale? Inahitaji vitanda vingapi, barabara gani, daktari wa aina gani? Yawezekana jibu likawa hapana. Hapana yenye hesabu nayo ni kazi ya kisomi, na itatuokoa na mwekezaji wa maneno.

Mambo madogo ya kukumbuka. Suti si sare ya usimamizi wa michezo, nunua kompyuta kwanza. Jifunze sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967 na kanuni zinazotaka wanachama wabaki na asilimia 51 ya klabu, kwa sababu ajira yako ya kwanza itakuwa kuwaeleza wazee wa klabu mambo hayo bila kuwavunjia heshima. Ukialikwa kutoa neno kijijini, usitumie maneno uliyoyaokota darasani. Sema mapato, sema matumizi, sema salio.

Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Viwanja vinajengwa, na kila kiwanja kitahitaji watu wa kukiuza, kukitunza na kukijaza siku ambazo hakuna fainali. Kijana wa Kaengesa unayesoma hapa, msimu ujao wa mavuno omba uwe mweka hazina wa ligi ya kata. Wakikukatalia, omba tena mwaka unaofuata, na fomu ya chuo ijaze mwaka huohuo watakaokukubalia.