Alisema Kwamba: Mhadhara wa Bingwa kwa Waliobahatika Kuhudhuria

Waheshimiwa mliokuja kunisikiliza, na nyinyi wengine mliofuata chai: walimu wa Kiingereza wamezoea kufundisha tamathali za semi siku moja na kauli ya taarifa siku nyingine, kana kwamba hazijuani. Tashbihi, sitiari, tashihisi na tafsida hupewa sura yenye michoro. Kauli ya taarifa husukumwa huko nyuma ya kitabu, jirani na alama za uandishi, ifanyiwe mazoezi na watoto wenye usingizi. Upotovu huo unakoma leo. Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, baada ya kukosekana mwenye hadhi ya kunipa, natangaza kwamba kauli ya taarifa ya Kiingereza ni tamathali, tena ndiyo kuu kuliko zote, kwa maana nyingine hutia chumvi hadharani na hii hutia chumvi ikiwa imevaa sare ya sarufi.

Tuanze na sheria yenyewe. Mwingereza akisema ana njaa, anayefikisha habari huanza na kitenzi “said”, na papo hapo njaa ya mwenzake hurudishwa wakati uliopita, hata kama mwenye njaa bado amesimama pale akiikodolea macho sahani. Hapa pawe pale, hii iwe ile, kesho iwe siku iliyofuata. Mapenzi ndiyo yanayoonewa zaidi. Kijana akitamka kwamba anampenda binti, na shangazi ya binti akalipeleka neno hilo kwa Kiingereza cha darasani, penzi hufika likiwa limekwisha pita: alisema alimpenda. Je, bado anampenda? Sarufi imenyamaza, na ukoo mzima unatazamana. Kiswahili cha nyumbani hakina uonevu huo. Alisema anampenda, basi, na penzi linabaki bichi. Kiswahili cha mtihani ni habari nyingine. Vitabu vya shule nchini Kenya humtaka mwanafunzi ageuze “nitakuja kesho” kuwa “angekuja siku iliyofuata”, na hiyo “-nge-” haikudondoka mbinguni. Imevuka ukuta kutoka darasa la jirani, la Kiingereza.

Msijibu bado kwamba haya ni mambo ya viambishi tu, kwa sababu utamu unakuja. Walimu hao hao huacha upenyo mmoja: jambo lililo kweli daima halilazimiki kurudi nyuma. Aliyesema dunia hulizunguka jua anaweza kuripotiwa kwa wakati uliopo, maana dunia haijachoka. Basi mripoti, kabla hajanyambua kitenzi, sharti akae kitako kama kadhi na kuamua iwapo aliyoyasikia ni kweli ya milele au ni maneno ya mtu. Tangu lini viambishi vikatoa hukumu? Jane Austen aliujua upenyo huo vizuri sana. Sentensi ya kwanza ya riwaya yake Pride and Prejudice, ya mwaka 1813, inatangaza kwa wakati uliopo, na kwa uzito wa kanuni ya sayansi, kwamba kapera tajiri hana budi kuhitaji mke. Ukiendelea kusoma unagundua ni nani hasa mwenye imani hiyo: akina mama wenye mabinti wa kuozwa. Ni umbea wa mtaani ulionyang'anywa “walisema kwamba” yake na kupandishwa cheo. Wahakiki huiita kejeli, nami siwapingi; nawakumbusha tu kwamba kejeli yote hiyo imepatikana kwa kunyofoa kitenzi kimoja cha kuripoti. Ikiwa kukiondoa kitenzi hicho kunazaa tamathali, asiniambie mtu kwamba kukiweka ni ukarani.

Hapa mwanahabari atanyanyuka, kwa kuwa hawakosekani, aseme kwamba kauli ya taarifa ni chombo cha ukweli na ndiyo inayoendesha magazeti. Namshukuru, nikimwomba akumbuke Bunge la Uingereza. Mwaka 1738 Bunge la Makabwela lilipiga marufuku kuchapishwa kwa mijadala yake. Jarida la Gentleman's Magazine likaja na dawa: likaanza kuripoti mijadala ya baraza la Lilliput, ile nchi ya Jonathan Swift ambayo raia wake hawafiki shibiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1740 kazi hiyo ilimwangukia Samuel Johnson, ambaye kamusi yake mashuhuri ya 1755 ilikuwa bado ndoto. Aliziandika hotuba chumbani, kwa dondoo za nani alisimama na aliegemea upande gani. Bungeni kwenyewe alikuwa mgeni. Wasomaji walizipokea kama maneno ya wakubwa, na mbili kati ya hizo zikaja kuchapishwa miongoni mwa kazi za Lord Chesterfield. Inasimuliwa kwamba Johnson alisema alihakikisha chama cha Whig hakitoki na ushindi. Hayo nayasema kwa kauli ya taarifa, kwa hiyo msinidai.

Mwanahabari atajitetea kwamba hizo ni enzi za giza, na leo kuna Hansadi. Ipo, lakini Bunge la Makabwela liliichukua mikononi mwake kwa waandishi wake mwaka 1909 tu, na hadi leo waandishi hao huruhusiwa kuondoa marudio na kusahihisha makosa yaliyo wazi. Mheshimiwa hugugumia jioni, akaamka fasaha. Ama magazeti, vitenzi vyao vinatosha kuwa ushahidi: waziri yule yule, kwa sentensi ile ile, amesema, amedai, amekiri au amefichua, kutegemea mhariri ameamkaje.

Limebaki pingamizi moja, la wasomi, nalo ni la kuudhi. Watasema ugunduzi wangu si mpya. Kwamba wataalamu wa balagha wa Ugiriki na Roma waliorodhesha kumtilia mtu maneno mdomoni kuwa tamathali, na kwamba George Puttenham aliiweka katika kitabu chake cha 1589, kando ya kejeli na mubaalagha. Ni kweli. Walinitangulia kwa karne kadhaa, jambo ambalo nimeamua kuwasamehe, kwa kuwa hawakuwa na namna ya kujua kwamba ningekuja. Wao, hata hivyo, walimtazama msemaji jukwaani. Hakuna aliyemshuku mtoto wa kidato cha pili anayegeuza “is” kuwa “was” kwa penseli.

Nakaribisha maswali. Yaletwe kwa kauli ya taarifa na kwa wakati uliopita, ili ifahamike tangu sasa kwamba yalijibiwa.