Mwongozo wa Kununua Bitcoin kwa Mtu wa Katandala Mwenye Gunia Chumbani

Kabla hujapakua programu yoyote, ndugu yangu, weka simu chini uingie chumbani uhesabu magunia. Mahindi ya kula hadi mavuno yapo? Hela ya mbolea ya msimu ujao ipo? Kikoba unadaiwa? Kama jibu la mojawapo linakufanya ukohoe, mwongozo wako unaishia hapa, na nakupongeza: umeshaokoa hela nyingi kuliko matapeli wote wa mitandaoni wanaokuahidi utajiri kufikia Ijumaa.

Uliyebaki, sogea karibu. Mtu wa Ufipa ana elimu ya biashara hii kuliko anavyojidhania. Anajua kwamba gunia lile lile linalodharauliwa mwezi wa saba, ghala zikiwa zimejaa, linatafutwa kwa heshima mwezi wa pili. Anajua pia nani hulia: yule aliyeuza mwezi wa saba kwa sababu mtoto anatakiwa shule na mgonjwa yuko hospitali. Bitcoin ina tabia hiyo hiyo, ila yenyewe haina msimu. Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Aliyenunua kileleni alisubiri hadi Machi 2024 kuiona tena bei yake, na Desemba 2024 ikapita dola 100,000. Aliyeweza kusubiri alipona. Aliyelazimika kuuza katikati kwa sababu ya kodi ya nyumba, alikula hasara yote peke yake. Ndiyo maana nimeanza na magunia.

Sasa panga kiasi. Chukua hela ambayo ikipotea yote, mama watoto hatakuuliza chochote kwa sauti ya juu. Tuseme shilingi 10,000 kwa mwezi. Nunua tarehe ile ile kila mwezi, bei ikiwa juu au chini, bila kumuuliza kijana wa bodaboda soko linaelekea wapi. Fanya hesabu na sarafu ya mfano: mwezi wa kwanza inauzwa shilingi 100, wa pili 50, wa tatu 80. Kwa 10,000 kila mwezi unapata sarafu 100, kisha 200, kisha 125; jumla 425, zenye thamani ya 34,000 mwezi huo wa tatu. Jirani aliyetumbukiza 30,000 zote siku ya kwanza ana sarafu 300, thamani yake 24,000. Bei haijarudi ilipoanza, lakini wewe una faida na yeye ana kisirani. Bei ingepanda tu tangu mwanzo, jirani ndiye angekucheka. Unachonunua kwa utaratibu huu ni kinga dhidi ya pupa yako mwenyewe. Na usinunue kwa shilingi elfu moja kila siku. Makato ya kutuma na kutoa yatakula kabla hujala wewe.

Utaratibu huu hauiponyi sarafu mbovu. Waliokuwa wakinunua Luna kidogo kidogo waliiona Mei 2022 ikishuka kutoka zaidi ya dola 80 hadi kuwa si kitu, ndani ya siku chache. OneCoin ilikuwa mbaya zaidi, maana sarafu yenyewe haikuwepo: watu waliuziwa hadi Uganda, na bosi wake, Ruja Ignatova, ametoweka tangu Oktoba 2017. Sisi wenyewe tulishapewa somo na upatu wa DECI mwaka 2009, watu walipoitwa "kupanda mbegu" wakaishia kushika stakabadhi. Kwa hiyo anayekuambia ulete watu watatu ili upande ngazi, mwage hapo hapo, hata kama ni shemeji. Anayekutumia picha ya salio lake usiku, mtakie usingizi mwema.

Kununua kwenyewe kwa kawaida ni kwa mtu na mtu ndani ya programu. Muuzaji anakupa namba ya simu, saa inaanza kuhesabu dakika, sarafu zake zinazuiwa hadi akiri kupokea hela. Hapo tulia. Jina linalojitokeza unapotuma lazima lifanane na jina lililo kwenye programu, lisipofanana, sitisha. Akikuambia mhamie WhatsApp, sitisha haraka zaidi. Siku ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiamini ujumbe wa "umepokea", angalia salio. Ukifungua pochi yako ya kidijitali ya kuhifadhia sarafu, utapewa maneno 12 au 24 ya siri. Yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha, na usimtajie hata anayejiita huduma kwa wateja. Atakayeyapata ndiye mwenye mali.

Sheria nayo ina sura mbili. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa fedha halali nchini ni shilingi, na kwamba biashara ya sarafu hizi inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Kisha tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Soma yote mawili kabla ya kutuma hata senti, na ujue kwamba Bodi ya Bima ya Amana inakinga amana za benki, sarafu haimo.

Ukishapima yote hayo, hukumu yangu kwa kaya nyingi za Katandala ni hii: mbolea kwanza, deni la kikoba la pili, vipande vya mfuko wa uwekezaji kama Umoja wa UTT vya tatu. Bitcoin ni ya nne, kwa chenji iliyobaki, na kama haikubaki chenji, usikope.