Mhadhara wa Rangi Moja, Ukumbini Jericho

Wazee wa Jericho, vijana wa Maringo, nanyi akina mama wa chama mliokuja kwa mkutano wenu mkakuta nimeshaushika ukumbi: ketini. Mbele yenu amesimama mtaalamu wa kauri za makaisari wa China, zile za rangi moja tupu, wa kwanza na wa pekee Makadara nzima. Uprofesa nilijitunuku mwenyewe, maana wa kunitahini hakupatikana.

Nianze na nyinyi wapenda maua. Yale makabati yenu ya vioo yamejaa sahani za waridi na tausi, za wageni ambao hawaji. Maua ni vipodozi, yanaficha chunusi. Chombo cha rangi moja hakina pa kujificha, tundu la ncha ya sindano linaonekana toka mlangoni. Huko Jingdezhen, kwenye tanuri za kaisari mwanzoni mwa nasaba ya Ming, chombo chenye kasoro kilivunjwa na vigae vikafukiwa. Hakikupelekwa mnadani, wala sokoni Gikomba.

Tazameni nyekundu. Inatokana na shaba, na shaba ina madharau: hewa ikizidi tanurini, wekundu unatoroka. Mafundi wa enzi ya Xuande, 1426 hadi 1435, waliipatia. Kisha ufundi ukafifia, hata mafundi wa enzi ya Kangxi wakaja kuhangaika nao upya zaidi ya miaka 200 baadaye. Kijani ni chuma kidogo na moto wenye moshi. Nami nilijaribu, kwa jiko la makaa, hapo uani. Nilipata bakuli jeusi na kesi kwa mzee wa mtaa.

Sasa sikilizeni adabu ya rangi. Katika jumba la nasaba ya Qing, mama wa kaisari na malkia walitumia vyombo vya njano ndani na nje. Mke aliyefuata kwa cheo: njano nje, nyeupe ndani. Waliomfuata wakapewa njano yenye majoka ya kijani. Mtu akiinua kikombe tu, unajua umsalimie vipi! Utaratibu huu niliuleta kwenye chama mwezi jana, kwa vikombe vya plastiki. Mwenyekiti nikampa njano tupu. Mhazini nikamwekea ya nje njano, ndani nyeupe. Akauliza pesa za chama anashika nani. Chai haikunyweka.

Mnanong'ona kwamba China ni mbali. Mbali na nani? Kule Gedi, pwani yetu, mwanaakiolojia James Kirkman alianza kufukua mwaka 1948 akatoa vigae vya China kwa makapu, vya kijani vikiwemo. Lamu walivipanga kwenye zidaka za ukutani. Mambrui walivijengea kwenye nguzo ya kaburi. Hapo hapo Mambrui, mwaka 2010, wanaakiolojia wa Kenya na China walipata sarafu ya enzi ya Yongle, na kigae cha kijani walichokihusisha na tanuri za kifalme. Basi kama kaisari alifika Mambrui, Jogoo Road ingemshinda?

Ndipo tunafika kwa hili bakuli langu la kijani. Gikomba, shilingi 50, baada ya mabishano. Alama ya enzi ya kaisari huandikwa kitakoni, mara nyingi kwa herufi sita. Langu limeandikwa kwa Kiingereza kwamba limetengenezwa China na kwamba laruhusiwa kuingia kwenye maikrowevu. Makaisari waliona mbali.

Zamani, sehemu nyingi zilikofika sahani za kijani, watu waliamini kwamba hupasuka zikitiwa sumu. Nimelijaribu langu miaka mitatu kwa githeri ya kibandani. Halijapasuka. Tumbo limepasuka mara mbili, lakini tumbo si kauri.

Kuhusu thamani, sitaki kelele. Oktoba 2017, Hong Kong, kibakuli cha kauri ya Ru cha kuoshea brashi, upana wake sentimita 13, kiliuzwa dola milioni 294 za Hong Kong. Kuoshea brashi! Langu linanawisha watu mikono kabla ya ugali, kazi ya maana zaidi, na ni kubwa zaidi. Pigeni hesabu wenyewe.

Maswali sitapokea, akina mama wanataka ukumbi wao. Ila mlango usifunguliwe kwanza. Kile kikombe cha njano ndani na nje hakijarudi tangu mkutano wa mwezi jana, na aliyekichukua yumo humu. Akirudishe.