Kila Mtu Anataka Inchi 18

Siku hizi Dar es Salaam gari haliulizwi injini. Linatazamwa miguuni. Unaweza kuwa umemwaga oili jana, breki zinashika, kiyoyozi kinawagandisha abiria, lakini ukipaki tu karibu na kijiwe, mtu atalizunguka gari zima, atainama, atatikisa kichwa, kisha atatoa hukumu: "Mzee, chuma kizuri. Tatizo rimu."

Chuma chenyewe ni Premio, na kimeliona jua miaka mingi kuliko baadhi ya wanaokijadili. Matairi yake ni 195/65R15, na sijaona namba hiyo ikininyima kufika Kibaha, Morogoro wala msibani Korogwe. Lakini mwosha magari ana hoja, jirani ana hoja, na mpwa wangu, ambaye hajawahi kuchangia hata lita moja ya petroli, ana hoja kuwazidi wote.

"Anko, hili gari ukilipiga inchi 17 litasimama."

Nimjibu nini? Gari limesimama tangu asubuhi, tena kivulini.

Sina ugomvi na rimu. Rimu nzuri ni nzuri. Kinachoniudhi ni mtu kuhangaika na rimu mwezi mzima, analinganisha rangi, anapiga picha, anawatumia wenzake wapige kura, halafu ikifika zamu ya tairi anachukua lolote linaloingia. Jamani, rimu haigusi lami! Kinachogusa lami ni mpira, na kwa kila tairi eneo linalogusa halizidi sana kiganja cha mkono. Breki, kona, mvua ya masika pale Jangwani, vyote vimekabidhiwa viganja vinne. Na hivyo ndivyo tunavyovitafutia bei ya kutupa.

Nakubali, namba za tairi zimeandikwa na watu wasiopatana. Kwenye 195/65R15, hiyo 195 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia, yaani kimo cha ubavu ukikipima dhidi ya upana huo. 15 ni kipenyo cha rimu, na hapo ghafla tumehamia inchi. Mstari mmoja, vipimo vitatu, maelezo hakuna. Lakini ukitulia na kikokotoo cha simu, hesabu yake mtoto wa darasa la saba anaimaliza kabla ya kengele. Asilimia 65 ya 195 ni milimita 126.75 za ubavu, karibu 127. Ubavu uko juu na chini, zidisha mara mbili. Jumlisha rimu, maana inchi 15 ni milimita 381. Unapata gurudumu lenye kimo cha milimita 634 na nusu. Likizunguka mara moja, gari limesogea karibu mita mbili kamili.

Gia, kisahani cha spidi na nafasi iliyoachwa chini ya madigadi, vyote vilipangwa kwa kimo hicho. Kwa hiyo rimu ikikua, ubavu lazima upungue ili gurudumu zima libaki na kimo chake. Ukipanda inchi 16, tafuta 205/55R16, utapata milimita 632. Inchi 17, 225/45R17 inakupa 634. Ukishikwa na wazimu wa inchi 18, 225/40R18 inakupa 637. Mafundi makini hawapendi uvuke asilimia 3 ya kimo cha mwanzo, na hizo zote hazifiki hata asilimia 1. Kinachobaki ni kupima kama upana wa 225 hautakwaruza ndani unapokata stelingi.

Basi mpwa akanikokota hadi duka moja Kariakoo. Nikaenda, maana kukataa kungechukua muda mrefu zaidi.

"Karibu bosi, 17 zipo za kumwaga," akasema muuzaji, akaviringisha tairi jeusi linalong'aa kwa dawa mpaka linachafua mikono. Nikawasha tochi ya simu nikasoma ubavuni: 215/55R17.

"Hii 55," nikamwambia.

"Ndiyo tamu hiyo bosi, inanyanyua gari. Matuta utayasahau."

Nikatoa kikokotoo. Milimita 668. Kimo kimepanda kwa zaidi ya asilimia 5, na gurudumu limesogelea madigadi kwa milimita 17 juu. Gari likiwa tupu hapo dukani utaona limependeza. Subiri upakie mashemeji watatu nyuma na gunia la mchele wa Kyela kwenye buti, ukanyage tuta moja, uyasikie matairi yanavyosugua plastiki ya ndani. Mlima Kitonga nao utakukumbusha kwamba gurudumu kubwa linaiongezea injini kazi. Na kama kisahani chako kilikuwa kinasema kweli, sasa kikionyesha 50 wewe uko karibu 53. Kamweleze trafiki mwenye tochi kwamba kosa ni la ubavu wa tairi. Atakusikiliza vizuri huku anaandika.

Nikashuka na mwanga hadi kwenye zile tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na herufi DOT. Zilisomeka 0915. Maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 9 ya mwaka 2015.

"Aah, hizo ni namba za kiwanda tu bosi. Hili lilikuwa limelala Japani, halijatembea."

Na mkate nao ukilala, hauwi mpya kwa sababu haukuliwa. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Hukauka, ukawa mgumu, ukapasuka nyufa ndogondogo ambazo dawa ya kung'arisha inazificha vizuri sana. Wapo watengenezaji wakubwa wanaoshauri tairi lisivuke miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama meno yake bado marefu.

Muuzaji akaleta jingine, jipya kabisa: 215/45R17. Kimo chake 625, pungufu kidogo, linavumilika. Nikaendelea kusoma. Baada ya saizi kuna 87. Matairi yangu yameandikwa 91. Namba hiyo ndiyo inayosema tairi linabeba uzito gani: 91 ni kilo 615, 87 ni kilo 545. Tofauti ni kilo 70, mtu mzima mmoja kwa kila tairi. Mimi siwezi kununua tairi zuri kisha nianze kuchagua ndugu wa kuwaacha Chalinze. Saizi hiyohiyo hutengenezwa pia ikiwa imeimarishwa, ina 91, lakini dukani mle haikuwepo. Herufi inayofuata namba hiyo ni ya mwendo. H ni kilomita 210 kwa saa, spidi ambayo foleni ya Mwenge haitakuruhusu uijaribu, ila tairi jipya lisiwe na herufi ya chini kuliko ile ya kiwanda.

"Kwani mzee ni mwalimu wa hesabu?" muuzaji akamuuliza mpwa wangu. Mpwa alikuwa anasoma simu yake kwa bidii, kama vile hatujuani.

Rimu nazo zina vituko vyao. Nati tano ni tano, lakini kuna za mzunguko wa milimita 100 na kuna za 114.3, na macho hayatofautishi. Upo pia umbali wa rimu kuingia ndani au kutokeza nje. Fundi akikwambia "tutatoboa upya" au "tutaweka spesa tu," chukua funguo zako, aga kwa heshima.

Na hata ukipatia kila kitu, bado kuna barabara zetu. Ile 225/40R18 iliyo sahihi kwa hesabu inakuachia ubavu wa milimita 90, wakati ulikuwa na 127. Ubavu huo ndio uliokuwa unapokea shimo kabla halijafika kwenye rimu, na kutoka kwenye rimu kwenda kwenye shokapu. Mtaani kwetu yupo kijana mwenye inchi 19. Akifika kwenye tuta anashusha kioo ili asikilize. Anaingia kimshazari, gurudumu mojamoja, amekunja uso. Nyuma daladala inapiga honi, bajaji zinampita kushoto na kulia, mama wa maandazi anampisha kwa huruma. Gari lina nguvu ya kwenda Dodoma bila kupumzika, lakini tuta moja linamla dakika nzima. Akikosea shimo moja, rimu inapinda au ubavu unatoka nundu. Nundu hiyo ni nyuzi za ndani zilizokatika. Haizibwi, haichomwi. Tairi ndilo limekwisha hapo.

Upepo nao usimwachie kijana wa kituoni, ambaye kila gari analijaza 40 "kwa sababu ya barabara." Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, tarakimu zinasomeka: saizi za matairi zilizokubaliwa na upepo wake. Pakiandikwa kPa 220, ni upepo wa PSI 32. Ukibadilisha saizi, upepo nao uangaliwe upya kulingana na uzito ambao tairi jipya linabeba.

Mpwa wangu bado anasema gari halijasimama. Sawa. Mimi nabaki na 15 zangu, na hela ya rimu nitanunulia matairi manne mapya yenye namba ileile ya kwenye kibandiko. Na wewe unayezipenda inchi 17 au 18, sikukatazi, gari ni lako. Ila anza na bei ya matairi: manne, mapya, kimo sahihi, uzito usiopungua ule wa kiwandani. Ukishayalipia, hela iliyobaki kanunulie rimu. Isipobaki, basi hukuwa na hela ya rimu tangu mwanzo.