Tuisifu Kompyuta Kuukuu

Washairi wetu wameshausifia mnazi, jahazi na hata kitumbua. Sijaona aliyejitokeza kuisifia kompyuta mpakato ya mwaka 2004, yenye prosesa ya Pentium M, gigabaiti 1 ya kumbukumbu na feni inayosikika hadi kwa jirani, ambayo mwenyewe ameitia Linux na kuapa kwamba inafaa kabisa. Kazi hiyo naifanya mimi, tena kwa nathari, maana vina vitanishinda.

Kwanza adabu. Mashine za siku hizi ukiinua kifuniko tu zimeshawaka. Hii ni mtu mzima, lazima iamkiwe. Betri yake ndogo ya saa ilikufa zamani, kwa hiyo kila asubuhi huwa imesahau leo ni lini. Inasimama kwenye kioo cheusi na kungoja ubonyeze F1. Ukibonyeza, inaitikia marahaba kwa mlio mmoja na kuendelea, ila inabaki katika mwaka wake yenyewe mpaka uirekebishe saa. Usiporekebisha, kivinjari kinagoma kufungua tovuti, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hizo, kwa hesabu ya kompyuta, bado havijaanza kutumika. Nitajieni mashine nyingine inayomlinda mtu dhidi ya mambo ambayo hayajatokea.

Lakini sifa yake kubwa ni unyenyekevu, na hapa naomba msomaji avumilie ufundi kidogo. Tangu Pentium Pro ya 1995, prosesa za Intel zina uwezo uitwao PAE, unaoiwezesha mashine ya biti 32 kuifikia kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4. Pentium M za mwanzo zinao uwezo huo, ila haziutangazi. Kiini cha Linux kikiziuliza, kimya. Matokeo yake, matoleo yaliyodai PAE yakawa yanakataa kuwaka kwenye mashine ambazo yangewaka bila taabu. Mwaka 2014 likaongezwa neno la kuandika wakati wa kuwasha: forcepae. Ukiliandika, kiini kinaikubali prosesa bila ushahidi wowote, kisha kinajiwekea alama kwamba tangu sasa kimeingia doa, na litakalotokea mbele mtumiaji asimlalamikie mtu. Basi nikaliandika. Gigabaiti yangu 1 ikaruhusiwa rasmi kuvuka gigabaiti 4.

Wapo wanaoisema kwa uzito. Nikitumiwa video, picha zinasogea mojamoja kwa staha, na kabla ya ya tatu nimeshajiuliza kama kweli nilitaka kuiona. Nikifungua LibreOffice napata nafasi ya kuchemsha chai. Kurasa tatu za intaneti zikifunguka kwa pamoja, kumbukumbu inajaa, data zinahamishiwa kwenye diski, na diski inaanza kulalama. Ukurasa wa nne ukija juu ya hiyo, kiini kinakata shauri: programu moja iuawe ili nyingine ziishi. Kwa kawaida kinamchukua anayekula zaidi, yaani kivinjari. Sijawahi kuona mahali pengine mlafi akiadhibiwa haraka namna hiyo.

Mpwa wangu alikaa kando akaitazama vile inavyohangaika, akaniuliza, "Mjomba, hii ina Linux au ina ugonjwa?" Nikamjibu, "Vyote viwili, mwanangu, na vyote nimepata bure."

Betri yake kubwa nayo ni pambo. Umeme ukikatika mtaani, kompyuta inakatika papo hapo, haijifanyi bora kuliko balbu. Ndiyo maana nimekuwa mtu wa kuhifadhi kazi kila sentensi, na sentensi yenyewe naipima kwanza kama inastahili kuhifadhiwa. Umeme ukirudi, mfumo wa mafaili unalipitia daftari lake la shughuli na kumalizia zilizokatikia njiani. Halafu F1. Joto lake mapajani silisemi sana. Mwenye kuishi Njombe mwezi wa saba atanielewa. Na haiazimwi! Laptopu mpya inaombwa "dakika mbili tu" ikarudi baada ya Idi.

Nasaba yake pia si haba. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux huko Helsinki mwaka 1991, aliiandikia kompyuta yake yenye prosesa ya 386. Mwisho wa mwaka 2012 hiyohiyo 386 ikaondolewa kwenye kiini. Mtoto kamtoa mzazi nyumbani, na sikusikia kikao cha ukoo. Kompyuta yangu ilitoka kiwandani mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizosema Kiswahili. Sasa tazama vijana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 iliishiwa matunzo ya kawaida, na kompyuta za mwaka 2016, zenye nguvu za kuipita yangu mbio huku zikipiga miayo, zikaambiwa kwamba Windows 11 haizitambui: prosesa zao hazimo kwenye orodha. Bibi huyu wa 2004, mwenye Linux ya aina ya Debian, toleo la 12 la Juni 2023, anaendelea kupokea viraka vya usalama, na amehakikishiwa mpaka Juni 2028. Anavipokea taratibu sana, lakini anavipokea.

Nakiri kuna wingu. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye mashine za biti 32 kama hii. Watu wa busara wanasema huo ndio wakati wa kuagana. Mimi nimegeukia mfumo mwingine, NetBSD, ambao toleo lake la 10 la mwaka 2024 bado linawakaribisha wazee wa aina hii. Nimelipakua, nimeliweka kwenye flashi, na kompyuta imekataa katakata kuwaka kwa flashi. Yenyewe inaheshimu CD. Nikaenda Kariakoo kutafuta CD tupu. Kijana wa duka alinisikiliza kwa adabu, akaingia ndani, akakaa sana, akarudi na vumbi mkononi.

"Mzee wangu, tupu hakuna. Ipo ya kaswida na ipo ya taarabu. Nikupe ipi?"