Jinsi ya Kwenda Shule Mara Nne kwa Siku Bila Kutoka Gitega

Safari hii inataka mtoto mmoja wa shule ya msingi, daftari, na viatu vilivyosafishwa tangu jana usiku. Nauli haihitajiki. Mtoto wa Gitega, nchini Burundi, husomeshwa Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo kabla ya kengele ya mwisho atakuwa ameingia *ishure*, *école*, *school* na *shule*. Jengo ni moja. Neno nalo ni moja. Fuata hatua hizi utaliona.

1. Aga kwa Kirundi. Mtoto akisema “Ndagiye kw’ishure”, tega sikio. Ishure zikiwa nyingi huitwa amashure, kama vile ibuye linavyozaa amabuye. L ya shule imegeuka r, kwa kuwa ndivyo ulimi wa Kirundi upendavyo. Mwanafunzi naye ni umunyeshure. Neno lililokwisha kupewa ngeli, wingi na watoto si mgeni tena. Hilo ni mwenyeji mwenye shamba lake.

2. Uliza lilipita njia gani. Wajerumani walihamishia makao yao ya Urundi hapa Gitega mwaka 1912, wakitoka Usumbura (Bujumbura ya leo), na mwaka 1916 Wabelgiji wakawaondoa. Miaka minne tu! Lakini neno lao *Schule* lilikuwa limeshazama katika Kiswahili, kwani serikali yao ilifungua shule Tanga katika miaka ya 1890, na makarani na askari wao walitumia lugha hiyo hiyo. Likapanda bara likiitwa shule. Lilikuja na irabu yake mwishoni, hivyo hatukulishonea kiraka: shule yangu, shule zetu, basi. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza tangu 1890, ilipokea *school* ikaliongezea i: skuli.

3. Usimcheke anayeongeza irabu. Wapo watoto ambao s na k za *school* huwakwama mdomoni, wakatanguliza i: “iskuli”. Kabla hujacheka, mtazame Mfaransa. Kilatini kilisema *schola*. Wahenga wake nao s na k ziliwakwama vivyo hivyo, wakatanguliza e, wakasema *escole*. Baadaye s ikadondoka, ikabaki *école*, na ile alama juu ya e ndiyo kaburi la s. Mhispania hadi leo anasema *escuela*. Makosa ya mtoto wako yana ukoo mkubwa Ulaya.

4. Tafuta jinsia iliyofichwa. Kwa Mjerumani shule ni ya kike, *die Schule*. Kwa Mfaransa pia, ila ukisema *l’école* husikii kike wala kiume. Mfundishe mtoto *une école*, jinsia itoke mafichoni. Kisha mwonyeshe kwamba Kirundi na Kiswahili navyo hupanga maneno katika makundi, makundi mengi kuliko mawili ya Kifaransa. Anayemudu ngeli zote hizo toka utotoni hana sababu ya kutetemeka mbele ya *le* na *la*.

5. Fika chemchemini. Kilatini kililichota neno kwa Wagiriki: *skholē*, yaani nafasi, wakati ambao mtu hasukumwi na kazi. Wenye nafasi walikaa wakazungumza, wakabishana, wakafundishana, hadi jina la wakati ule likawa jina la mahali.

Basi jioni, mtoto akirudi amechoka, usimwambie kwamba ishure ni neno la kukopa. Mkopo hudaiwa, na hili halina mdai. Kila taifa lililolipokea lililifinyanga kwa mdomo wake, na Mrundi amelifinyanga kwa haki ile ile ya Mfaransa. Badala yake, mpe saa moja asitumwe dukani wala kuchota maji. Akae nawe, aulize analotaka, nawe umjibu kwa lugha yoyote kati ya hizo nne. Hapo atakuwa amekwenda shule mara ya tano.